Uzi wa Kabedi

Mwalimu Kaomba alizikwa Jumamosi asubuhi. Mimi nilikuwa nimefika Kalemie Ijumaa kwa meli ndogo ya kutoka Uvira, miguu imevimba, mfuko wa mchele wa kilio begani, na moyoni nikiwa nimejiapiza kwamba safari hii nitasema. Sisi tuliosoma kwake tulipewa benchi la mbele chini ya turubai. Tulikuwa saba tu, tumenenepa, tumeng'oka meno, wengine sikuwajua mpaka walipotaja majina ya baba zao. Binti yake mkubwa aliomba kila mmoja wetu aseme neno juu ya marehemu. Wakasema alikuwa mkali, wakasema alichora vizuri kuliko vitabu, wakasema alivaa suruali ya viraka mpaka mwisho lakini hakuwahi kukosa darasa. Zamu yangu ilipofika nilishika koo nikasema upepo wa ziwa umenikausha sauti, nikakaa. Nyuma yangu mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, wala hakujisumbua kunong'ona: "Huyu prof njo aliuzisha watu wa reli, wakati wa Zaïre. Na leo wanamulilia." Mwenzake akajibu, "Mufu ni mufu, mama, acha." Nilisikia yote mawili, na ningeweza kugeuka. Mwalimu Kaomba hakumwuza mtu. Aliyefanya jambo lile ni mimi, Riziki, nikiwa na miaka kumi na sita, na mtu mwingine wa pekee aliyelijua alikuwa ndani ya sanduku mbele yangu.

Mwaka ule nilikuwa darasa la tatu la sekondari. Zaïre ilikuwa bado ina jina lake, lakini ilikuwa imechakaa kila mahali ulipoigusa. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimenyamaza, na kina mama waliokuwa wakipanga saa zao kwa king'ora chake walibaki kuuliza jirani ni saa ngapi. Darasa letu lilitazama njia ya reli. Madirisha hayakuwa na vioo, kwa hiyo treni ilipopita, na ilipita mara chache siku hizo, mwalimu alinyamaza na chaki juu mpaka behewa la mwisho liishe. Tulikuwa na atlasi moja, imepoteza jalada na bara zima la Asia. Mwalimu Kaomba, mtu wa Moba, mwembamba, mwenye sauti ya kanisani, hakuweza kuvumilia kutufundisha historia kwa imla. Alisema maneno yanapita sikio hili yanatokea lile, lakini kitu ulichokichora mwenyewe utazeeka nacho. Sikujua wakati ule kwamba alikuwa akinitabiria mabaya.

Basi akaja siku moja na kitambaa cha kiwandani, upana wa ukuta, kilichokuwa kimetupwa kwa sababu nyuzi zake zilikuwa zimefumwa vibaya upande mmoja. Mke wake alipika gundi ya unga wa muhogo. Ziwa tulilichora kwa buluu ya kufulia nguo, milima kwa udongo mwekundu wa mtaa wa Kataki, na reli kwa mkaa, kutoka bandarini kwetu kupitia Nyunzu hadi Kabalo na kuendelea. Kwa wiki tatu tulipiga magoti sakafuni. Alituonyesha jinsi watu wa kwanza walivyotembea kutoka mashariki, vizazi kwa vizazi, wakifuata wanyama na maji, na jinsi baadaye wakulima wenye lugha ndugu na zetu walivyoshuka kutoka kaskazini magharibi na majembe yao na mbegu zao. Kila mwendo ulikuwa mshale, na kila mshale ulikuwa na rangi yake. Siku tulipomaliza mishale mikubwa alisimama, akapangusa magoti, akauliza: "Sasa muniambie. Mutu wa hapa ni nani?" Tukajibu kwa pamoja: Waholoholo! Akatikisa kichwa. "Wazee wao wenyewe wanasema walitoka upande wa Lualaba. Wengine hawakuchoka, wakavuka ziwa mpaka Kigoma. Mutu wa hapa hayuko. Wote tulikuja. Mwengine alikuja jana, mwengine juzi, hiyo tu njo tofauti."

Hakusema hivyo bure. Kila Jumapili baada ya misa kulikuwa na mkutano kwenye uwanja wa mpira, na vijana wenye filimbi na vitambaa kichwani walikuwa wakiimba kwamba jimbo letu la Shaba ni la watu wa Shaba, na watu wa jimbo jirani la Kasai wapande treni warudi kwao. Watu wa Kasai wenyewe walikuwa ndio makarani wa reli, mafundi wa karakana, walimu wa hesabu. Wengi walikuwa wamezaliwa hapahapa na hawakujua huko kwao kunafananaje. Mwalimu alidhani kitambaa na gundi vingeweza kushindana na filimbi. Alitupa kazi: kila mmoja aulize nyumbani wazee wake walipita wapi, alete uzi wa rangi anayoitaka, aushone kwenye ramani kutoka walikotoka hadi Kalemie. "Na musinidanganye," alisema. "Uzi mumoja wa uongo unaharibisha karte yote." Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, mimi ndiye niliyepewa kuandika orodha pembeni: namba ya uzi, jina la mwanafunzi, kazi ya baba, mahali pa asili. Nililivaa jukumu hilo kama kitenge kipya. Uzi wangu mwenyewe ulitoka msitu wa Walega, ukashuka Fizi, ukafuata ufuo wa ziwa pamoja na nyavu za baba yangu. Ulitoka nje ya jimbo kabisa, na mwaka ule hakuna aliyeupigia filimbi.

Kabedi alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Baba yake, Papa Ilunga, alikuwa fundi wa breki kwenye karakana ya reli, na walikaa kambi ya reli katika nyumba ya matofali yenye baraza nyembamba. Nilikula pale zaidi kuliko nilivyokula kwetu. Nakumbuka meza yenye kitambaa cha kufuma, redio iliyofunikwa ili isipate vumbi, na Mama Kabedi akigawa samaki wa mikebuka wa kukaanga, akinipa mimi kipande cha mgongo kwa sababu nilikuwa mgeni, ingawa ugeni huo ulikuwa wa kila siku. Mgeni halisi akija, mtu asiyejulikana, Papa Ilunga alisema mapema, kabla hajaulizwa: "Sisi ni watu wa Kabalo." Ilunga ni jina linalopatikana Kabalo na linapatikana Kasai, na hakuna aliyewahi kumkatalia. Bibi yao, waliyemwita Kaku, hakusema kitu mbele ya wageni. Alikaa jikoni akipepeta karanga, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo mno kwa mtu aliyeishi mjini miaka yote ile.

Alasiri moja nilikuwa nimekaa barazani nikimsubiri Kabedi atoke kisimani. Mdogo wake wa mwisho alikuwa na homa. Kupitia pazia nilimsikia Kaku akimpakata na kumwimbia, lakini haukuwa wimbo. Alikuwa akimwita mtoto kwa majina ya wazee wake, mmoja baada ya mwingine, huyu alimzaa huyu, huyu alivuka mto huu, kama wafanyavyo watu wa kwao mtoto anapohitaji nguvu. Lugha sikuielewa, maana yake niliijua baadaye, ila katika majina nililishika moja kwa sababu alilirudia kila mara pumzi ilipomwishia: Lubilanji. Mama Kabedi akaingia mbio kutoka uani. "Kaku, polepole! Mutoto wa watu yuko inje." Majina yakakatika. Kisha Mama Kabedi akanitokea barazani na sahani ya karanga, akitabasamu kupita kiasi, akaniuliza kama mama yangu hajambo.

Kesho yake niliifungua atlasi. Nilipita Lualaba yote kwa kidole, juu na chini ya Kabalo, sikuliona jina lile. Nililikuta mbali magharibi, ndani ya Kasai, kando ya mto, limeandikwa kwa tahajia ya Wabeleji. Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Nilikuwa nimegundua kitu peke yangu, kwa sikio na kidole, jambo ambalo mwalimu mwenyewe hakulijua. Nikamkimbilia Kabedi kama mwenda wazimu, nikamwonyesha mto. Alifunga atlasi kabla sijamaliza kusema. "Riziki, usiseme. Kwa mutu yeyote. Papa alisema siku watajua, sisi pia tutapanda treni. Kaku hatafika." Nikamwuliza kwa nini anadanganya wakati mwalimu amesema wote tulikuja. "Prof anasemea darasani," akasema. "Sisi tunakaa inje." Niliapa kwa Mungu na kwa mama yangu. Akashona uzi wake mwekundu, alioufumua kwenye sweta la zamani la baba yake, kutoka Kabalo hadi kwetu, uzi mfupi mnyofu uliofuata reli.

Nimekuwa na miaka mingi ya kujitafutia sababu, na nyingi ni nzuri. Nimejiambia kwamba nilimwamini mwalimu kuliko ilivyompasa mtoto kumwamini mtu. Nimejiambia kwamba nilidhani ukweli, ukiwa umeshonwa vizuri, haudhuru. Yote hayo yalikuwemo. Lakini wiki ile tulirudishiwa matokeo ya muhula, na Kabedi alikuwa wa kwanza, mimi wa pili, kama muhula uliotangulia na ule wa kabla yake. Mwalimu alisema mbele ya darasa kwamba uzi wa Kabedi umeshonwa safi kuliko zote. Safi, uzi wa uongo! Na wangu, uliopinda kufuata msitu na ziwa, hakuutaja. Siku moja kabla ya siku ya wazazi, baada ya masomo, nilibaki peke yangu darasani kumalizia orodha. Nilikuwa na vipande vya uzi uliobaki wa sweta lile, kwa sababu Kabedi aliniachia nifungie daftari zangu. Niliunga uzi wake pale Kabalo nikauvuta kusini mpaka Kamina, nikaupandisha na reli, nikauacha ukingoni mwa ule mto. Kwenye orodha, penye namba yake, nikafuta Kabalo kwa wembe na kuandika Lubilanji, Kasai, kwa herufi zangu nzuri. Nilirudi nyumbani nikala vizuri. Hilo ndilo linalonichukiza zaidi, kwamba nilikula vizuri.

Siku ya wazazi ramani ilitundikwa chumba cha mikutano, na watu wakaijia kwa wingi, hata wasio na watoto shuleni. Mwalimu alivaa koti. Alieleza mishale kwa fimbo, na wazee walicheka kwa furaha kuona majina ya vijiji vyao, wakigusa nyuzi kwa vidole. Mama yangu alitafuta Fizi akashindwa, nikamwonyesha. Kisha mjomba wa mmoja wa wenzetu, kijana aliyekuwa na filimbi shingoni hata ndani ya shule, akaanza kusoma orodha yangu kwa sauti, jina kwa jina, kwa mzaha tu, akishangilia. Watoto waliojulikana kuwa wa Kasai aliwapita bila neno, nyumba zao zilikuwa zimeshapigwa alama ya kufukuzwa. Alipofika kwa Kabedi akasimama. Akasoma polepole: Kabedi Ilunga, fundi wa reli, Lubilanji, Kasai. "Ah," akasema. "Papa Ilunga wa Kabalo?" Nilimwona Papa Ilunga. Alikuwa karibu na mlango na kofia mkononi. Hakubisha, hakukasirika, alivaa kofia yake akatoka, na Mama Kabedi akamfuata, na Kabedi akabaki amesimama mbele ya uzi wake akiuangalia kama anausoma mara ya kwanza. Mwalimu aliusogelea, akaona fundo pale Kabalo. Akaitazama orodha. Akanitazama mimi.

Aliniita baada ya watu kuondoka. Viti vilikuwa vimezagaa na mke wake alikuwa akifagia maganda ya karanga upande wa pili. "Riziki, weye njo ulivuta uzi wa Kabedi?" Machozi yalinitoka, nami nikayaacha yanisemee. Alikaa kwenye kiti cha mzazi, akavua koti, akalikunja magotini mara nyingi. "Nani anajua?" Nikasema hakuna. "Basi usiseme kwa mutu. Uko mutoto, wakijua, wale watamalizana na weye, ao hawa watakutafuta." Sikuelewa kama hawa ni kina nani na wale ni kina nani, na sidhani naye alijua. "Karte ni yangu. Kazi nilitoa mimi." Akaing'oa ramani ukutani peke yake. Mke wake aliichemsha kwa sabuni mpaka buluu na udongo vikatoka, akaikata nepi za mtoto. Jioni ileile Papa Ilunga alikwenda kwake kumwuliza, na Mwalimu Kaomba akajibu kwamba ni yeye aliyesahihisha uzi, kwa ajili ya ukweli wa somo. Papa Ilunga alimtemea mate miguuni. Mji mzima ulijua kabla ya Jumatatu.

Haikuchukua siku tano. Nyumba ya matofali ilipakwa alama ya lami, karakana ikamwambia Papa Ilunga akabidhi vyombo vyake, na familia ikahamia stesheni pamoja na wengine waliokuwa wakisubiri treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Sitaki kueleza stesheni kwa urefu. Watu walikaa juu ya magodoro, kati ya makabati na cherehani, wakipika kando ya reli, na maji waliyokunywa yalikuwa ni yale ya kuoshea mabehewa. Kila asubuhi walipeleka mmoja au wawili makaburini. Tulikuwa tukiishi umbali wa kutembea kwa miguu. Wale waliokuwa wamenunua dawa kwao, waliotengenezewa baiskeli nao, walipita wakiangalia upande wa ziwa. Mama yangu alinituma mara mbili na ndagala, wale samaki wadogo, wa kukaanga, na mara mbili niliwaacha kwa mlinzi langoni nikakimbia. Kaku alikufa wiki ya tatu. Alikuwa ametaka wamtajie mto, na wajukuu hawakujua majina yanayofuatana, kwa sababu walikuwa wamekatazwa kujifunza.

Treni ilipokuja ilikuwa ya mabehewa ya mizigo, bila paa. Nilikwenda, kwa sababu Kabedi alituma neno kwamba ananitaka. Nilipita katikati ya watu mpaka nikamwona juu ya behewa, amekaa kwenye mashine ya kushonea ya mama yake, amekonda, nywele zimenyolewa kwa ajili ya Kaku. Mdogo wake, yule wa homa, hakuwepo mapajani mwa mtu yeyote, nami sikuuliza. Aliinama juu ya ukingo wa chuma, na ilibidi nisimame kwa vidole vya miguu ili tusikilizane, maana watu walikuwa wakiita majina kila upande na kijana mwenye filimbi alikuwa akiipuliza bila kupumzika.

"Nakuuliza kitu kimoja tu," alisema. "Nilikuambia weye peke yako. Juu ya mto. Ulimwambia prof?"

Nilikuwa na nafasi. Treni ilikuwa bado haijavuta. Hakuna aliyetusikiliza, na yeye alikuwa anakwenda mahali ambapo kisasi chake kisingeweza kunifikia kamwe. Nilifungua kinywa nikiwa na nia ya kusema, naapa, nilikuwa na nia.

"Hapana," nikasema. "Alijua mwenyewe. Nilimuona kwa macho yangu, siku ile mbele ya siku ya wazazi. Alibaki darasani peke yake akauvuta."

Kabedi alifumba macho, na uso wake ukalegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Behewa likatikisika. Alinyoosha mkono wake chini kadiri alivyoweza, nikaushika, ulikuwa wa moto na mkavu.

"Unisamehe, ndugu yangu," akaniambia. "Wiki zote hizi nilikuwa nakuwazia vibaya."